Makabila ya Mwanza, Makumbusho ya Bujora na Mipaka ya Muislamu

BismiLlaahir-Rahmaanir-Rahiym

Familia nyingi za visiwani zina ndugu waliohamia Mwanza kikazi au kibiashara. Nyumbani tumezoea kuwaita wenyeji wa huko wote "Wasukuma", na wengine huigiza lafudhi yao kwa kejeli.

Wenyeji ni nani?

Wasukuma ndio kabila kubwa kuliko yote Tanzania. Jina lao lina maana ya kaskazini, yaani kaskazini ya ndugu zao Wanyamwezi wa Tabora. Zamani hawakuwa na mfalme mmoja. Kila eneo lilikuwa na mtemi wake. Kisiwani Ukerewe wapo Wakerewe, Wajita na Wakara, na upande wa Sengerema na Geita wapo Wazinza. Wote hao ni Wabantu. Wajaluo wa Mara na Wataturu wafugaji lugha zao ni za Kiniloti.

Bujora

Bujora iko Kisesa, kiasi cha kilomita 20 kutoka Mwanza mjini, njia ya Musoma. Hapo pana Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa na padri Mkatoliki kutoka Kanada, David Clement. Zimehifadhiwa ngoma na viti vya watemi, nyumba za kienyeji na zana za uganga. Kila Juni hufanyika Bulabo, mashindano ya ngoma baina ya Wagika na Wagalu. Asili yake imefungamana na sikukuu ya Kikatoliki ya Ekaristi, na wachezaji wengine hutumia dawa ili kuvuta watazamaji.

Muislamu afanyeje?

Kutazama vyombo vya kale kwa ajili ya elimu si sawa na kushiriki ibada. Mila isiyopingana na sharia, kama maamkizi ya "mwangaluka", vyakula na kusaidiana shambani, haina ubaya. Ama kutaka msaada kwa mizimu, hirizi za uganga, na kusherehekea sikukuu ya dini nyingine, hayo tujiepushe nayo, bila ya kumtukana jirani.

Katika Suuratul-Hujuraat, Aayah ya 11 inakataza watu kudharau watu wengine, na ya 13 inabainisha kuwa tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane, na mbora wetu ni mwenye taqwa zaidi. Basi tuwafundishe watoto kuacha kejeli hiyo. Miongoni mwa Wasukuma wapo Waislamu, ndugu zetu wa safu moja.

Na Allaah Anajua zaidi.