Mlima Chamuriho: Jina, Mahali na Masimulizi Yake

Asili ya jina Kilimanjaro imejadiliwa tangu mmisionari Johannes Rebmann alipoiona theluji yake mwaka 1848, wala mjadala haujakoma. Mlima Chamuriho haumsumbui mtafiti kwa namna hiyo, kwa kuwa jina lenyewe linamtaja mwenyewe: Muriho. Mlima huu umo katika nchi ya Waikizu, Wilaya ya Bunda, upande wa kusini mwa Butiama, kati ya Ziwa Viktoria na Serengeti.

Kwa mujibu wa masimulizi ya wazee, Muriho aliwashinda Wahengere waliokuwapo kabla yake, akaitwaa nchi. Lakini utemi wa Ikizu hautokani naye. Huo unahusishwa na Nyakinywa, mwanamke aliyetoka Kanadi katika Usukuma akiwa na uwezo wa mvua. Alimkuta mwindaji Isamongo, mwenye moto. Wakapimana nguvu, mvua ikauzima moto, naye Nyakinywa akawa mtemi.

Mwanahistoria hawezi kuhesabu miaka kwa hadithi kama hizi. Hata hivyo zinashuhudia jambo zito: Waikizu ni watu waliokusanyika kutoka pande mbalimbali, na cheo chao kikuu wanakihusisha na mwanamke mgeni. (Kanisa letu la KKKT liliwakubali wanawake katika uchungaji mwaka 1990 tu, baada ya mabishano marefu.)

Wako wahubiri wanaouita mlima wa namna hii makao ya mashetani, wakadhani wamemaliza kazi. Kwa maoni yangu, wanafuta kumbukumbu ya watu bila kuligusa swali lenyewe, yaani, mvua hutolewa na nani? Mkulima wa Nyamuswa analiuliza kila masika yanapochelewa. Katika 1 Wafalme 18 moto na mvua vinakutana juu ya Karmeli, na vyote viwili vinatoka kwa Mungu mmoja. Msikilizaji anayemjua Isamongo na Nyakinywa ataielewa sura hiyo upesi kuliko wengi wetu tuliyoisoma darasani.

Mwaka 2003 Jan Bender Shetler alichapisha mkusanyo wa historia za wenyeji wa Mara ya kusini. Imo ya Ikizu, iliyoandikwa kwa Kiswahili na wenyeji wenyewe. Mwanafunzi atakayepangiwa usharika wa Bunda au Musoma aanze na kitabu hicho, kisha akaketi na wazee.