Daraja la Gari na Kinachoitwa "Fulu Opsheni"

Mtu wa Kaniha, Wilaya ya Biharamulo, akitamani gari la Toyota Altezza, kwa kawaida hulinunua kwa macho ya simu. Yadi nyingi ziko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, na pengine gari lenyewe bado liko Japani. Anatumiwa picha kadhaa, bei, na sentensi moja: "Bosi, hii ni fulu opsheni."

Maneno hayo mawili yamebebeshwa mzigo usio wao. Ndani yake muuzaji amefunga vitu vitatu ambavyo kiwandani havichanganywi, na mnunuzi asiyevifungua hulipia kimoja akidhani amepata vyote.

Cha kwanza ni daraja. Mtengenezaji akishabuni modeli, haiuzi kama kitu kimoja. Huigawa: huku viti vya kitambaa na injini ya wastani, kule viti vya ngozi, breki kubwa, pengine injini nyingine kabisa. Kila fungu la mgawanyo huo ndilo ninaloliita daraja, kwa maana ileile ya behewa la daraja la pili na la tatu katika Reli ya Kati: treni moja, safari moja, lakini utakachokalia kimeamuliwa kabla hujapanda.

Madalali wengi husema "gredi". Neno si baya, ila katika biashara hii limekwisha kupewa kazi nyingine. Karatasi ya mnada wa Japani nayo ina gredi, na humo inamaanisha hali ya gari: 4 au 4.5 ni zuri, 3 limechoka, R limewahi kugongwa likatengenezwa. Anayeambiwa "gredi ya juu" hajui kama anasifiwa bodi safi au injini yenye nguvu, na dalali mjanja hana haraka ya kumfafanulia. "Toleo" nalo limeshika maana ya umbo jipya la modeli au mwaka wake, tuliache huko. Kwa hiyo daraja.

Altezza ndilo mfano mzuri kuliko yote, kwa sababu kwake daraja si suala la redio na mazulia. Toyota walilitoa Oktoba 1998 na kuliunda hadi 2005, likiwa na madaraja mawili makuu. RS200 ina injini ya 3S-GE, silinda nne, nguvu za farasi 210 ikiwa na gia za mkono. AS200 ina 1G-FE, silinda sita, nguvu za farasi 160. Ndiyo, yenye silinda nyingi ndiyo yenye nguvu kidogo, na hapo ndipo wengi hupotea, maana mtaani "silinda sita" hutamkwa kama sifa inayomaliza mjadala. Juu ya hayo kulikuwa na Z Edition, iliyoelekea michezo, na L Edition, iliyoelekea starehe.

Ushuru hautakusaidia kutofautisha RS200 na AS200. Injini zote mbili ziko chini kidogo ya sentimita za ujazo 2,000, hivyo zinaangukia kundi lilelile la ushuru wa bidhaa, na zote ni kongwe kiasi cha kutozwa ushuru wa uchakavu. Nembo ya nyuma nayo haiaminiki. Inauzwa dukani na gundi ni rahisi. Namba ya chesisi ndiyo isiyopambwa: ikianza na SXE10 ni RS200, ikianza na GXE10 ni AS200. Herufi ya kwanza inatokana na familia ya injini, S ya 3S na G ya 1G.

Cha pili ni nyongeza. Ya kiwandani huagizwa kabla gari halijaundwa, kama dirisha la paa. Ya dukani hufungwa baadaye na muuzaji wa Japani: redio, mazulia, vikinga mvua vya madirishani. Tofauti hii ina pesa ndani yake, maana redio fundi yeyote atakufungia, ila dirisha la paa lisipotoka na gari, usilitafute.

Cha tatu sikiiti hata nyongeza. Spoila, ekzosi ya kunguruma, springi zilizokatwa ili gari lilale: hivi ni vikorombwezo, kazi ya wenye gari waliotangulia, na mara nyingi ndivyo vinavyojaza zile picha za simu.

Sasa mtu wetu wa Kaniha achague nini? Z Edition ilikuja na tairi za 215/45 kwenye rimu za inchi 17. Hesabu yake ni nyepesi: ukuta wa tairi ni asilimia 45 ya milimita 215, yaani karibu milimita 97. Tairi ya 205/55 kwenye rimu ya inchi 16 ina ukuta wa karibu milimita 113. Ukishaacha lami, milimita hizo 16 ndizo zinazosimama kati ya shimo na rimu. RS200 nayo ilitengenezwa kwa petroli ya oktani ya juu, wakati ya vijijini mara nyingine hutoka kwenye chupa ambayo jana ilikuwa na kitu kingine.

Mimi ningemwambia achukue AS200 isiyoshushwa, rimu za inchi 16, na adai picha ya namba ya chesisi kabla hajatuma hata shilingi ya kwanza. Hiyo itamfikisha nyumbani sampo ya oili ikiwa nzima, na tofauti ya bei kati yake na RS200 akanunue shokapu mpya.