Kifuniko cha Bahari

Nilipokuwa sekondari niliandika kwenye mtihani wa jiografia kwamba Enzi ya Barafu iliondoka polepole, kwa maelfu ya miaka, kama mgeni mzee anayeaga nyumba nzima kabla ya kufika mlangoni. Nilipewa alama zote. Simlaumu mwalimu, maana hata kitabu kilisema hivyo hivyo. Lakini ndugu msomaji, jibu lile lilikuwa nusu ya ukweli, na ile nusu nyingine ndiyo iliyonikwamisha riwaya.

Riwaya yenyewe ni ya bibi kizee aliyezaliwa dunia ikiwa ya baridi, akafa ikiwa ya joto. Rafiki yangu mmoja hapa Mwanza aliisoma sura ya kwanza akacheka. "Wewe bwana, hali ya hewa haigeuki ndani ya umri wa mtu mmoja!" Nikamwambia iligeuka, tena si mara moja. Akasema nithibitishe, tukawekeana soda. Basi haya ndiyo maelezo yangu.

Tuanze na chupa ya bia. Mwezi Juni 1952 mvua kubwa ilinyesha Copenhagen, Denmark. Mwanasayansi mmoja, Willi Dansgaard, alichukua chupa tupu ya bia, akaitia faneli mdomoni, akaisimamisha bustanini kwake ikinge maji. Hakuwa amerukwa na akili. Oksijeni iliyomo ndani ya maji si ya aina moja: iko nyepesi, ambayo ndiyo nyingi, na iko nzito, ambayo ni adimu. Dansgaard aligundua kwamba kadiri wingu linavyokuwa la baridi, ndivyo mvua yake inavyopungukiwa na ile nzito. Kumbe tone la maji linabeba kumbukumbu ya baridi ya wingu lililolizaa! Mwaka 1954 akaandika kwamba barafu ya Greenland, ambayo ni theluji iliyolundikana mwaka juu ya mwaka, inaweza kutueleza hali ya hewa ya kale.

Barafu yenyewe aliipata kwa wanajeshi. Wamarekani walikuwa wamejenga kambi ndani ya barafu huko kaskazini-magharibi mwa Greenland, ikiitwa Camp Century, yenye mpaka mtambo wa nyuklia. Mwaka 1966 wahandisi wao walitoboa barafu yote hadi chini, zaidi ya mita 1,380. Dansgaard akaomba vipande apime. Mwaka 1969 yeye na wenzake wakatoa mchoro wa hali ya hewa ya miaka laki moja. Ungetegemea kuona kilima kimoja cha kupanda na kushuka taratibu. Wao waliona meno ya msumeno. Joto linapanda wima, linashuka kidogo kidogo, kisha wima tena.

Wengi hawakuamini. Walisema huko chini barafu imejikunja, miaka imechanganyikana. Ilikuwa hoja nzuri, wala haikujibiwa kwa maneno. Walichimba tena kusini, mahali paitwapo Dye 3, kilomita kama 1,400 kutoka shimo la kwanza. Kazi ikaisha 1981, na meno yakaonekana yale yale. Katika kazi hiyo alikuwemo Hans Oeschger wa Uswisi, ndiyo maana marukio haya ya joto yanaitwa hadi leo kwa majina yao wawili, Dansgaard na Oeschger. Halafu mwaka 1992 na 1993 yakakamilika mashimo mawili kwenye kilele cha Greenland, moja la watu wa Ulaya na moja la Wamarekani, kila moja likipita mita 3,000. Mashahidi wawili waliohojiwa mbalimbali, habari moja.

Meno hayo ni kama 25 katika enzi ya mwisho ya barafu. Katika kila jino Greenland ilipata joto la nyuzi 5 hadi 16 za Selsiasi ndani ya miongo michache tu. Tafadhali usiisome sentensi hiyo haraka. Nyuzi kumi ni kama kumtoa mtu Makete kwenye sakitu ukamshusha Dar es Salaam, ila yeye hajaondoka kwao. Na baridi ya mwisho kabisa ilipoisha, miaka 11,700 iliyopita, kiasi cha theluji inayoanguka Greenland kiliongezeka maradufu ndani ya muda ambao Richard Alley na wenzake, mwaka 1993, waliukadiria kuwa labda mwaka mmoja hadi mitatu. Mitatu! Bibi yangu asingemaliza hata kumwachisha mtoto kunyonya.

Sasa nani alifanya? Sisi tuliokulia riwaya za upelelezi tunajua pa kuanzia. Mshukiwa wa kwanza ni njia ya dunia kulizunguka jua, ambayo hujipinda na kujinyoosha. Lakini yeye huchukua makumi ya maelfu ya miaka, basi siku ya tukio hakuwepo. Wa pili ni ile barafu ya nchi kavu, nene kilomita kadhaa. Huyo ana nguvu lakini ni mzito mno, haondoki kwa miaka ishirini. Wa tatu ni mkondo wa Atlantiki unaopeleka maji ya uvuguvugu kaskazini. Wallace Broecker alimnyooshea kidole tangu miaka ya 1980, na mpaka leo hajaachiwa. Tatizo ni moja: mkondo peke yake ungepandishaje joto haraka namna ile? Lazima alikuwa na msaidizi.

Msaidizi huyo hakuna aliyemtilia maanani mwanzoni, kwa kuwa ni mwembamba. Ni barafu ya baharini, maji ya bahari yenyewe yaliyoganda, unene wa mita mbili tatu hivi. Ni nyeupe, kwa hiyo hulirudisha jua lilikotoka. Lakini kule kaskazini wakati wa kipupwe jua lenyewe halionekani, na hapo ndipo kazi yake kubwa inapokuja: ni kifuniko. Maji ya bahari huganda kwenye nyuzi 1.8 chini ya sifuri, kwa hiyo maji yaliyo chini ya barafu hayawi baridi kupita hapo, ilhali hewa ya juu inaweza kufika nyuzi 30 chini ya sifuri. Aliyewahi kupika wali anajua. Kifuniko ni chepesi kuliko sufuria, lakini kiinue uone mvuke utakavyokupiga usoni.

Mwaka 2005 Camille Li na wenzake walijaribu jambo hili kwa kompyuta. Waliisogeza nyuma barafu ya Atlantiki Kaskazini, na Greenland ikapata joto linalofanana na lile la meno. Mwaka 2013 Trond Dokken na wenzake wakaja na ushahidi wa tope kutoka chini ya Bahari ya Norwei. Wakati wa baridi kali maji ya uvuguvugu hayakuacha kuingia, ila yalipita chini. Juu yake palikuwa na tabaka la maji baridi yenye chumvi kidogo, na juu ya hilo, barafu. Joto likajikusanya humo chini, likakosa pa kutokea, kwa mamia ya miaka. Maji yale yakazidi kuwa mepesi, mpaka yakapanda ghafla na kukila kifuniko. Ndilo jino hilo. Baadaye barafu ikarudi taratibu, nao ndio mteremko.

Wataalamu bado wanabishana nani alianza, mkondo, upepo au barafu. Mimi nisiye na shahada naona kesi ni ya wawili: mkondo alikuwa na moto, barafu alikuwa na mlango.

Rafiki yangu alikubali, akanunua soda, kisha akauliza: haya yanatuhusu nini sisi wa Mwanza? Nikamwonyesha ziwa. Miaka kama 17,000 hadi 16,000 iliyopita, Atlantiki Kaskazini ilipojaa barafu, mvua za nchi za joto zilivurugika na Ziwa Victoria likakauka. Watafiti waliotoboa tope lake katika miaka ya 1990 walikuta chini yake udongo wa nchi kavu wenye mizizi ya majani. Maji yalirudi miaka kama 15,000 iliyopita, karibu na wakati ule ule Greenland iliporuka kwenye joto.

Kwa hiyo bibi nimemhamisha. Kule Greenland hakukuwa na watu wakati ule, na riwaya bila watu siiwezi. Sasa anatembea kwa miguu, na mzigo kichwani, pale ambapo leo hupita meli ya Bukoba. Sura ya pili inaanza asubuhi anapoona unyayo wake umeingia maji.