Zamu si foleni: hesabu za Kitengela na lugha ya kompyuta

Miaka mingi mjadala wetu kuhusu istilahi za kompyuta umekuwa wa majina ya vitu. Huyu anasema tarakilishi, yule ngamizi, na umma unaendelea kusema kompyuta bila kuomba ruhusa ya mtu. Mimi majina ya vitu hayanisumbui tena. Kinachonisumbua ni maneno ya matumizi, hasa pale watu wengi wanapotegemea mashini zilezile. Mfano ulio karibu nami ni kazi ya kuhesabu wanyama wa Kajiado.

Tangu 1977 ndege ndogo za serikali zimekuwa zikihesabu wanyamapori na mifugo katika nyanda kame za Kenya, kazi ambayo baadaye ilijulikana kuwa ya idara iitwayo kwa kifupi DRSRS. Ndege hufuata mistari iliyonyooka. Waangalizi wawili walioketi nyuma huhesabu wanyama wanaoonekana kati ya fito mbili zilizofungwa chini ya bawa, na kundi kubwa hupigwa picha ili lihesabiwe baadaye. Sehemu inayoonekana ni ndogo sana. Kwa hiyo idadi ya nyumbu wa nyanda za Athi-Kaputiei, iliko Kitengela, haikupatikana kwa kuhesabu kichwa kwa kichwa. Ni makadirio, na kila kadirio lina kiwango chake cha makosa. Ukidai nyumbu wamepungua, sharti uonyeshe kwamba upungufu unazidi makosa hayo, la sivyo mwenye ploti atakuuliza, na ana haki, kwa nini aache kuzungushia ardhi yake seng'enge.

Hesabu hizo za ndege ndizo zilizowawezesha watafiti, akiwemo mtakwimu Mkenya Joseph Ogutu, kuchapisha mwaka 2016 katika jarida la PLoS ONE kwamba wanyamapori wa nyanda hizo za Kenya wamepungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu 1977, huku kondoo na mbuzi wakiongezeka kwa asilimia 76.

Sasa tazama jambo la ajabu kidogo. Mwanzoni ardhi na mashini vyote vilikuwa vya pamoja. Sheria ya 1968 ilizaa ranchi za vikundi Kajiado. Kompyuta nayo ilikuwa moja kubwa ya taasisi nzima: unapeleka kadi zako zilizotobolewa, unarudi kesho kuchukua majibu. Miaka ya 1980 ranchi ya Kitengela ikakatwa vipande vya watu binafsi, na kompyuta ikaja kukaa juu ya meza ya mtu mmoja. Baada ya hapo njia zikaachana. Ardhi iliendelea kukatwa. Mashini zikaunganishwa tena, kwa sababu ile ya mezani ilishindwa na mzigo.

Leo taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, kule Kabete, ina klasta, yaani kompyuta nyingi zilizounganishwa kwa mtandao na kutumiwa na watafiti wengi. Mtafiti wa namna hiyo anayeishi Kitengela hana haja ya kupambana na jam ya barabara ya Namanga. Anaingia kwa mbali kupitia kompyuta ya mlangoni, anaandika faili fupi: nataka programu ya R, viini vinane vya kukokotolea, kumbukumbu ya gigabaiti 32, saa sita. Faili anaikabidhi kwa programu msimamizi kama Slurm, kisha analala. Kuendesha hesabu nzito palepale mlangoni ni utovu wa adabu, sawa na kunywesha ng'ombe wako kisha ukakataa kuondoka birikani.

Na saa sita hizo ni za nini? Njia mojawapo ya kupima makosa ni kuchota upya data ileile mara elfu, ukikokotoa kila mara. Michoto hiyo haitegemeani, hivyo inaweza kugawiwa viini vingi kwa wakati mmoja. Lakini R kwa kawaida hutumia kiini kimoja tu. Aliyeomba vinane bila kuiagiza igawe kazi, bas, ameshikilia saba bure huku wenzake wakingoja.

Wanaongoja hao ndio husema, "Kazi yangu iko kwenye foleni." Hapo ndipo ninapopinga. Kwenye foleni aliyetangulia hutangulia. Slurm huweza kupangwa ipime pia nani ametumia mashini sana siku za karibuni, na kazi ndogo inayoweza kwisha kabla ya kubwa kuanza hupenyezwa katika pengo. Msomaji aliyezoea foleni za ofisi zetu atashuku kwamba kuna mtu anajuana na mtu. Hapana. Hiyo ni zamu: utaratibu unaojulikana na wote, ambapo kila mmoja atafikiwa, ingawa si lazima kwa mpangilio wa kufika. Wachungaji kisimani na mabaharia chomboni walikuwa na zamu kabla ya umeme kufika kwetu.

Kazi inapongoja, Slurm huonyesha herufi mbili tu, PD. Wanaotunga kamusi za TEHAMA wakiniuliza, nitawaambia waandike: inangoja zamu.