Harufu ya misindano: dawa au chambo?

Leo nawapeleka msituni, ingawa mwenyewe niko hapa Durban kwenye joto la kunata. Sababu ni malori. Yanashuka barabara ya N3 kutoka Howick na Mooi River yamebeba magogo ya misindano, na ukikwama nyuma ya lori moja kwenye foleni, harufu ile inakurudisha Mafinga moja kwa moja. Tuliokulia jirani na msitu wa Sao Hill tunaijua. Wazee walituambia inafukuza wadudu, nami niliamini hivyo mpaka nilipokuja huku Sauzi.

Wazee hawakudanganya. Harufu inatoka kwenye mafuta yaliyomo ndani ya utomvu na majani, hasa alfa-pinini na beta-pinini, hayo hayo yaliyomo kwenye tapentaini ya fundi rangi. Mti ukitobolewa utomvu unamwagika, unamnasa mdudu na kuzuia kuvu. Mafuta ya aina hii yamejaribiwa maabara dhidi ya wadudu na magonjwa ya miti, na mengine yanaua kweli. Ila yanapotea hewani upesi. Nani atapulizia mlima mzima kila wiki?

Na kama harufu peke yake ingetosha, historia yetu ingekuwa nyingine. Mwaka 1957 ugonjwa wa majani uitwao Dothistroma ulionekana Tanganyika. Pinus radiata, mti uliokuwa ukipandwa kwa matumaini makubwa Afrika Mashariki, ulikauka majani hadi ukaachwa. Pinus patula ikachukua nafasi, ndiyo hii iliyojaa Sao Hill. Baadaye wakaja vidukari wa mikrismasi: Malawi 1986, kisha Tanzania, Kenya 1990. Ua za mikrismasi ziligeuka kahawia kama zimemwagiwa maji ya moto, na mti ule unanukia kuliko msindano! Malawi walikwenda kutafuta nyigu mdogo anayewala vidukari hao, Pauesia juniperorum, wakamwachilia 1994.

Mwaka huo huo wa 1994, kule Cape, alionekana nyigu wa aina nyingine kabisa, Sirex noctilio. Mwaka 2002 akawa amefika KwaZulu-Natal. Huyu jike ana sindano ndefu. Anatoboa shina, anataga, na pamoja na mayai anaingiza ute wenye sumu na kuvu. Mti unakufa, viluwiluwi vinakula mbao iliyolainishwa na kuvu. Na anaujuaje mti wa kushambulia? Kwa harufu! Msindano uliochoka kwa kiu au kwa kubanana unavujisha mafuta yale yale, naye anayafuata kama nzi anavyofuata embe. Jamani, harufu tuliyoambiwa ni ulinzi ndiyo inayomwita mwizi.

Waliojua kuitumia siri hiyo ni Waaustralia, ambao nyigu aliwafikia Tasmania mwaka 1952. Walichagua miti michache, wakaidunga dawa ya magugu kidogo ili ichoke polepole na kunukia. Nyigu wakakusanyika hapo. Kisha wakaingiza kwenye mashina hayo minyoo wadogo sana, Deladenus siricidicola, waliogunduliwa New Zealand mwaka 1962. Minyoo wanaingia kwenye viluwiluwi, na jike akikomaa mayai yake yamejaa minyoo. Anaruka kwenda mti mwingine kutaga, kumbe anapanda minyoo. Nikiri kwamba niliposoma hapo nilicheka peke yangu.

Afrika Kusini nao wameitumia minyoo hiyo, na hutundika mitego myeusi yenye vichupa vya pinini kujua nyigu yuko wapi. Mambo hayakuwa mteremko. Cape mvua hunyesha wakati wa baridi, KwaZulu-Natal wakati wa joto, na mwanzoni minyoo haikushika vizuri huku. Watafiti wa FABI, Chuo Kikuu cha Pretoria, walihangaika nayo miaka.

Kwa nini nawasimulia? Mti anaoushambulia hapa ni pamoja na Pinus patula, ule ule wa kwetu. Na Durban ni bandari. Sirex husafiri akiwa kiluwiluwi ndani ya mbao za kufungia mizigo, anaweza kukaa humo mwaka na zaidi. Ndiyo maana mwaka 2002 ilipitishwa kanuni ya ISPM 15: mbao zipashwe joto mpaka ndani zifike nyuzi 56 kwa dakika 30, au zifukizwe, kisha zigongwe muhuri.

Juzi nilikuwa nafungasha mzigo wa kutuma Dar. Fundi akaniletea kreti mpya ya msindano, inanukia mpaka raha. Nikaigeuza pande zote, muhuri hakuna. Nikamwambia airudishe. Akaniangalia kama mwendawazimu, halafu akaniuliza kama shida ni bei.