Ugonjwa Usio na Jina: Hospitali ya Mawasiliano ya Hiroshima, Agosti 1945

Baada ya tarehe 6 Agosti 1945, wakazi wa Hiroshima walikuwa na maneno mawili ya kulitajia bomu lililowaangukia saa mbili na robo asubuhi. Waliokuwa ndani ya mji walisema *pika*, yaani mmweko wa nuru. Waliokuwa mbali, ambao baada ya kuona nuru walisikia pia kishindo, walisema *pikadon*. Daktari Michihiko Hachiya, mkuu wa Hospitali ya Mawasiliano ya mji huo, aliiandika tofauti hii katika shajara yake, na yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliosema *pika*. Mtu wa isimu hawezi kuipita habari kama hiyo bila kusimama: neno lenyewe laonyesha msemaji alikuwa wapi. Lakini tukio likishapewa jina, ugonjwa wake unaweza kubaki bila jina, na kutokuwa na jina huko kulikuwa na gharama yake kitandani mwa mgonjwa. Hilo ndilo tunalokusudia kulieleza hapa.

Sisi wa Katanga hatuitazami habari hii kama wageni. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mpango wa Wamarekani ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, mji ulioitwa Jadotville zamani za Wabelgiji. Mnamo 1940 Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière, alikuwa amekwisha kupeleka New York zaidi ya tani 1,200 za mawe hayo, na mgodi, uliokuwa umefungwa na kujaa maji, ukafunguliwa tena kwa ajili ya vita. Waliochimba na kupakia walikuwa Wakongo.

Hospitali ya Mawasiliano ilikuwa umbali wa mita 1,500 hivi kutoka kitovu cha mlipuko. Jengo lake la saruji lilisimama, ingawa madirisha yalivunjika na moto uliteketeza sehemu ya juu. Hachiya aliumizwa nyumbani kwake, akajikokota kuelekea hospitalini, naye daktari Katsube akamshona majeraha mengi ya vioo. Hivyo mkuu wa hospitali alianza kazi yake akiwa mgonjwa ndani ya hospitali yake mwenyewe. Watu walijaa vyumbani, kwenye korido, chini ya ngazi, hata vyooni. Katika Hospitali ya Msalaba Mwekundu ya mji huohuo hali ilikuwa mbaya zaidi: Terufumi Sasaki, kijana wa miaka 25, alikuwa daktari pekee asiyejeruhiwa, ilhali majeruhi walikuja kwa maelfu.

Kushona, kufunga, kupaka dawa majeraha ya moto: kazi hizo madaktari walizijua, na walizifanya mpaka dawa zilipokwisha. Taabu ilianzia kwa wale ambao hawakuwa na jeraha la kueleza hali yao. Walitapika, walikataa chakula, wakahara damu. Uvumi ulisema adui amemwaga gesi ya sumu, au vijidudu vya maradhi. Hachiya aliwaza kama ambavyo daktari yeyote angewaza wakati ule: watu wamesongamana, maji machafu, nzi kila mahali, kinyesi chenye damu, basi ni ugonjwa wa kuhara damu. Akaagiza wenye dalili hizo watengwe. Lilikuwa kosa, lakini kosa la mtu mwenye elimu, na sioni haki ya kumlaumu. Daktari hutibu kwa majina aliyofundishwa.

Kilichomtoa kosani ni kuangalia na kuandika. Kama kweli ungekuwa ugonjwa wa kuambukiza, ungeenea kwa wauguzi na jamaa waliowahudumia wagonjwa, haukuenea hivyo. Kisha, katikati ya Agosti, yakatokea mambo ambayo kuhara hakuyaelezi: madoa madogo ya damu chini ya ngozi, nywele kung'oka kwa mafungu, ufizi kutoa damu. Watu waliokuja wakitembea wenyewe, wakadhaniwa wazima, walikufa kabla ya walioungua.

Hospitali haikuwa na hadubini nzima. Tarehe 20 Agosti ikafika moja kutoka Tokyo, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Chembe nyeupe za damu, ambazo kwa mtu mzima huwa kati ya 6,000 na 8,000, kwa wengi zilikuwa zimepungua hadi karibu na 3,000, na kwa mahututi zilikuwa chache mno. Aidha, upasuaji wa maiti ulionyesha damu imevuja katika viungo vya ndani, na chembe ndogo zinazogandisha damu zimepungua sana. Kumbe mwili ulikuwa umenyang'anywa askari wake na gundi yake kwa pamoja. Walipolinganisha hesabu hizo na mahali kila mgonjwa alipokuwa asubuhi ile, wakaona kwamba waliokuwa karibu na kitovu ndio walioathirika zaidi. Hachiya akabandika tangazo hospitalini kuhusu ugonjwa wa mionzi: ambao damu yao ni ya kawaida wasihofu, na ambao chembe zao ni chache wajilinde na vidonda na uchovu. Tiba ya kuponya hakuwa nayo. Lakini watu walikoma kuogopana, na hilo katika mji wa namna ile halikuwa jambo dogo.

Msaada kutoka nje ulichelewa. Marcel Junod, daktari Mswisi wa Msalaba Mwekundu, alifika tarehe 8 Septemba akiwa na tani kadhaa za dawa. Siku kumi na moja baadaye watawala wa Kimarekani walitoa kanuni ya kudhibiti magazeti, na tangu hapo habari za bomu na athari zake zikawa ngumu kuchapishwa kwa miaka kadhaa. Tume ya Marekani iliyoanza kazi mwaka 1947 iliwachunguza waathirika bila kuwatibu. Hospitali yao maalumu ilifunguliwa Hiroshima mwaka 1956 tu, katika uwanja wa Hospitali ya Msalaba Mwekundu. Shajara ya Hachiya, aliyoiandika hadi tarehe 30 Septemba 1945, ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1955.

Kamusi za Kiswahili zinatupa *mnururisho* na *mionzi*. La kwanza ni sahihi, ila lanukia karatasi. Mimi nachagua *ugonjwa wa mionzi*. Shinkolobwe ilifungwa kwa amri ya rais mwaka 2004, na mwaka huohuo iliporomoka ikaua wachimbaji wa mikono waliokuwa bado wanaingia. Mchimbaji wa namna hiyo akifika zahanati akasema anahara damu, munganga ataandika kuhara damu.