Kisima Nje ya Daftari: Maji Chini ya Ardhi na Sheria za Maji katika Mbalizi na Nyanda za Juu Kusini, 1948–2009

Mji mdogo wa Mbalizi upo magharibi mwa Jiji la Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Maji yake huelekea Mto Songwe na hatimaye Ziwa Rukwa, ilhali mashariki mwa Mbeya mito ya Usangu hutiririkia Ruaha Mkuu na Rufiji. Kiutawala hayo ni mabonde mawili yenye ofisi mbili. Kwa mkazi aliyechimba kisima cha mkono nyuma ya nyumba yake tofauti hiyo ni ndogo, kwani sheria haikumtaka aende katika ofisi yoyote kati ya hizo. Insha hii inadai kwamba pengo hilo lilitokana na namna dola lilivyojifunza kuyaona maji.

Sheria za kikoloni za mwaka 1948 na 1959 zilishughulikia zaidi mito na mifereji. Sheria Na. 42 ya mwaka 1974 iliyaweka maji yote chini ya Jamhuri na kumtaka mtumiaji aombe haki ya maji, lakini ilimruhusu mmiliki wa ardhi kuchimba kisima kwa matumizi ya nyumbani bila haki hiyo, mradi asizidishe lita 22,700 kwa siku. Asili ya takwimu hiyo inajionyesha yenyewe: ni takriban galoni 5,000 za Kiingereza. Ukubwa wake pia unastahili kuzingatiwa. Kwa kigezo cha Sera ya Maji ya mwaka 2002, yaani lita 25 kwa mtu kwa siku, kiasi hicho kinatosheleza watu 908. Kwa umwagiliaji wa milimita 5 kwa siku, kinatosha zaidi ya ekari moja ya mboga. Kwa hiyo kikomo cha kiasi hakikumbana mchimbaji mdogo hata kidogo. Kilichobaki ni neno “nyumbani”, na katika mji ambamo ndoo ileile hupikia, hunywesha ng’ombe na kumwagilia kabichi za kuuzwa, neno hilo halina mpaka unaopimika.

Mpango wa maji vijijini wa mwaka 1971, uliolenga kumfikishia kila mwananchi maji karibu na makazi yake ifikapo 1991, uliimarisha mtazamo huo. Mipango kabambe ya maji ya mikoa ya Iringa, Ruvuma na Mbeya, iliyofadhiliwa na Denmark na kukamilika mwaka 1982, ilichunguza chemchemi, maji ya mserereko na visima kwa shabaha ya kuwapatia watu maji ya kunywa. Maji chini ya ardhi yakaingia katika kumbukumbu za serikali kama huduma ya jamii, wala si kama pembejeo ya kilimo.

Mito ilikuwa na historia nyingine, kwa sababu ilizalisha umeme. Baada ya Kidatu (1975) na Mtera (1980), kila mfereji wa mpunga Usangu ulihesabiwa kuwa upotevu wa umeme. Mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulikauka ndani ya hifadhi, na mwaka huohuo Ofisi ya Maji ya Bonde la Rufiji ikaanzishwa. Ada za haki ya maji zilifuata. Mwaka 2006 wafugaji wakaondolewa Ihefu. Bonde la Rukwa, lisilo na bwawa kubwa la umeme, lilisubiri zaidi.

Sheria Na. 11 ya mwaka 2009 ilileta vibali vya kutumia maji, na kanuni za mwaka 2013 zikawataka wachimbaji wa visima wawe na leseni. Kisima cha mkono cha matumizi ya nyumbani kiliendelea kusamehewa kibali. Msamaha huo una gharama. Jirani akichimba kisima kirefu chenye pampu na kibali, ana hati inayotaja kiasi chake. Mwenye kisima cha mkono hana. Sheria hiyo inaipa haki ya kimila hadhi sawa na kibali, lakini ni vigumu kukiita cha kimila kisima kilichochimbwa katika kiwanja cha mji uliokua kando ya barabara. Kina cha maji cha mwaka wa kwanza hakikuandikwa popote, hivyo anapofika mbele ya bodi ya bonde kulalamika kwamba maji yameshuka, hana kipimo cha kulinganisha.